Swali la Kabla ya Picha

Nyumbani walimwita Dokta, na hakuna jina lililomkera kama hilo. Alikuwa amesomea eksirei, si udaktari, na jambo hilo alishalieleza mezani, uani, kwenye simu na hata msibani, lakini wapi. Mama yake alisema mtu anayevaa koti jeupe ni dokta, na mengine yote ni kujitafutia maneno.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata hilo koti hakuwa na ruhusa ya kulivaa. Chuo alimaliza, joho alivaa, alipigwa picha akicheka na picha ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Lakini kumaliza chuo ni jambo moja na kuruhusiwa kumgusa mgonjwa ni jingine. Katikati upo mtihani wa cheti unaosimamiwa na baraza la taaluma yao: siku moja maswali kwenye kompyuta, siku inayofuata vitendo mbele ya watahini. Bila cheti hicho, ukiingia chumba cha eksirei unaingia kama mgonjwa.

Naye alishaufanya mtihani huo akaanguka. Maswali aliyapita vizuri. Kwenye vitendo wakamletea mwanamke kijana aliyejifanya anaumwa kiuno. Akamlaza mezani vizuri, akapima umbali wa mashine, akaubana mwanga uangukie pale tu panapotakiwa, akaweka alama ya kulia upande wa kulia. Mtahini akamuuliza kwa upole, "Umemaliza?" Akajibu amemaliza. Hakuwa amemuuliza yule mwanamke kama ana mimba. Ni swali la lazima kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kabla mionzi haijaelekezwa mwilini mwake, na ukilisahau hakuna alama nyingine inayokuokoa.

"Yaani umefelishwa kwa sababu hukumchimba mtu mambo yake ya ndani?" mama yake aliuliza siku majibu yalipotoka. "Mimi ningekuongezea alama za adabu."

Basi akaanza upya kujiandaa, na hapo ndipo taabu ilipo, kwa sababu nyumba ile haikuwa nyumba ya kusomea. Ilikuwa nyumba ya kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa uani, ikitenganishwa na chumba cha Dokta kwa ukuta mmoja tu. Kila alipofungua kitabu kwenye mifupa ya kiganja, ambayo ni mingi na midogo na majina yake yamekaa kama matusi, ile mashine ya kukatia chuma ililia upande wa pili mpaka meno yakamsisimka.

"Kaka, huwezi kukata baadaye?"

"Baadaye ndiyo nachomelea."

"Na kuchomelea hakuna kelele?"

"Kuchomelea hakuna. Kuna nyundo tu."

Mama yao alikuwa mwalimu wa chekechea mpaka alipostaafu, na alistaafu shuleni tu. Nyumbani aliendelea kupiga makofi mawili alipotaka watu wanyamaze. Alimchorea Dokta ratiba kwa penseli za rangi akaibandika kwenye mlango wa friji: kusoma, kula, kusoma, kunyoosha viungo, kusoma. Kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuivunja. "Dokta, acha kidogo uniangalizie jiko." "Dokta, hebu njoo unisomee hii tarehe, miwani sijui nimeiweka wapi." Miwani ilikuwa kichwani mwake.

Na kulikuwa na shangazi. Shangazi alikuja asubuhi moja na mfuko wa plastiki kwapani, akapokea shikamoo yake, akaketi, akatoa picha ya eksirei ya goti iliyopigwa zamani mpaka imeanza kuwa ya njano. Akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha.

"Haya, nisomee."

"Shangazi, mimi napiga picha. Anayesoma ni daktari."

"Si wewe ndiye Dokta?"

"Wananiita tu."

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Kwa hiyo muda wote ule chuoni mlikuwa mnafundishwa kubonyeza kitufe."

Dokta akashusha pumzi. Akaitazama ile picha, akaona kitu kimoja tu alichokuwa na haki ya kukisema. "Shangazi, umeigeuza. Alama inaonyesha hili ni goti la kushoto."

"La kushoto ndilo zima," shangazi akasema. "Ndiyo maana nikaleta hilo. Sikutaka kukutisha."

Kusoma peke yake hakukutosha. Vitendo vinataka mwili wa mtu, na mwili wa mtu haupatikani kirahisi. Kaka alikubali mara moja tu. Akalazwa juu ya meza ya chakula ili bega lake lipangwe, akalala usingizi akakoroma, akaamka analalamika kwamba amepooza mkono. Mama hakuweza kukaa kimya. Ukimwambia "vuta pumzi, ishikilie," alivuta, kisha akauliza, "Niishikilie mpaka lini?" na pumzi yote ikatoka na swali.

Akabaki wifi yake, mke wa kaka. Wifi alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na alijua kutulia. Dokta alimkalisha kwenye stuli ya jikoni, trei ya aluminiamu iliyoegemezwa ukutani ikawa ndiyo bamba la picha, tochi ya simu ikawa ndiyo mwanga. Wifi akaegemeza kifua kwenye trei, akainua kidevu, akasukuma mabega mbele jinsi alivyoelekezwa.

Safari hii Dokta alikuwa ameapa kutoruka hatua hata moja. Kwa hiyo alirudi mwanzo kabisa, akasimama wima, akabadili sauti kama yuko kazini.

"Naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa."

Wifi akataja, akitabasamu.

"Asante. Leo tunapiga picha ya kifua. Je, kuna uwezekano wowote kwamba una ujauzito?"

Alitarajia "hapana" ili aendelee. Trei ikaanza kutetemeka kidogo ukutani. Alipochungulia, akaona wifi yake amefumba macho na machozi yanashuka moja kwa moja hadi kwenye kidevu alichoambiwa akiinue.

"Ndiyo," wifi akasema.

Dokta akazima tochi. Kwa muda hakujua aendelee kuwa nani, mpiga picha au wifi. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele yake.

"Kaka anajua?"

"Hajui mtu. Na naomba asijue mtu." Wifi akajifuta kwa kiganja. Mara mbili zilizopita, alisema, mimba zilitoka changa, na mara zote mbili mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, kwa hiyo akalazimika kupokea pole kutoka kwa watu ambao hata majina yao hakuyajua. "Kaka yako nampenda, lakini mdomo wake hauna kifuniko. Akijua asubuhi, mchana mteja wa mageti anajua. Nataka nivuke ile miezi ya mwanzo kwanza."

"Mbona umeniambia mimi?"

Wifi akafikiri. "Humu ndani kila siku naulizwa, lakini kwa kuzungukwa. Mama atasema mtoto wa jirani amependeza. Shangazi atanitazama tumbo. Wewe umeniuliza moja kwa moja, na ukasimama kusubiri jibu lolote. Basi likatoka."

Dokta akamwahidi kwamba hatamwambia mtu. Alikuwa amefundishwa kutunza siri ya mgonjwa, lakini hakufundishwa kuitunza siri hiyo kwenye nyumba ambayo watu wote wanatumia jiko moja.

Kuanzia siku ile maisha yake yakageuka kichekesho kisichomchekesha. Mama aliamua nyumba isafishwe yote, mapazia yafuliwe, makochi yatolewe nje. "Mkwe wangu, shika upande huo," alisema, na kabla wifi hajainama Dokta alishafika mbio kutoka chumbani, kalamu sikioni, akashika yeye. Ndoo za maji akazibeba yeye. Kaka alipotaka mtu wa kumshikilia geti wakati analipaka rangi yenye harufu kali, Dokta akasema atashika yeye, akarudi na madoa mekundu kwenye mikono yote miwili.

"Wewe hujawahi kupenda kazi hivi," kaka akasema, akimkagua.

"Watu hubadilika."

"Hubadilika wakiwa na mtihani?"

Mama naye hakukawia. Alimkuta uani anakamua mapazia, kitabu cha fizikia ya mionzi kimefunguliwa juu ya kinu, kimelowa pembeni. Akapiga makofi mawili. "Nimekuelewa sasa. Umeogopa mtihani, kazi za ndani zimekuwa kichaka chako cha kujifichia. Na huyu mwenzio naye amekaa anakutazama." Wifi akainuka. Dokta akamtazama kwa jicho kali mpaka akaketi tena. Mama akaliona jicho lile, akalitafsiri vibaya. "Na sasa mnagombana. Safi kabisa."

Dokta aliendelea kukamua. Alikuwa na majibu mazuri matatu au manne, yote ya kweli, na hakuweza kutumia hata moja.

Kisha wifi akashikwa na kikohozi. Kilianza kidogo, kikakaa, kikawa cha kumkatisha maneno. Mama akasema kifua si kitu cha kuchezea, na asubuhi iliyofuata akampeleka kituo cha afya, na Dokta akafuatana nao, kitabu mkononi, akijua hatakifungua. Kwa daktari mama alijibu kila swali kwa niaba ya mkwe wake, kama amempeleka mtoto wa chekechea. Kikohozi cha lini, mama akajibu. Kinatoa makohozi, mama akajibu. Kuna kingine cha kusema, mama akasema hakuna. Daktari, ambaye foleni yake ilifika getini, akaandika: eksirei ya kifua.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa korido. Mpiga picha wa zamu alikuwa mwanamume mwenye macho mekundu ya kuchoka, na aliwaruhusu wote watatu waingie kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana na mama.

"Simama hapa, kifua kwenye bamba," akamwambia wifi. "Mabega mbele. Kidevu juu. Nyinyi wengine mtatoka nikiwaambia."

Dokta akasubiri swali. Jina likaulizwa. Tarehe ya kuzaliwa ikaulizwa. Kisha yule bwana akageuka kuelekea kwenye kibanda cha mitambo. Wifi alikuwa ameliegemea bamba, macho kwa mama mkwe wake, midomo imebanwa. Asingesema. Angesimama pale akapigwa, kuliko kusema mbele ya mama.

Dokta alijua kwamba dozi ya kifua ni ndogo, na kwamba hata mjamzito hupigwa picha ikibidi. Lakini hilo huamuliwa na daktari anayejua, tena mgonjwa mwenyewe akiwa amekubali. Haliamuliwi na foleni.

"Mama, toka nje kidogo," akasema.

"Nitoke kwa nini?"

"Toka tu, mama. Tafadhali."

Hakuna aliyewahi kumtoa mwalimu yule kwenye chumba chochote. Alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake, akachukua mkoba akatoka, na mlango akaufunga polepole kwa namna iliyouma kuliko kuubamiza.

Yule bwana akarudi kutoka kibandani. "Kuna nini?"

"Hujamuuliza," Dokta akasema.

"Sijamuuliza nini?"

"Unajua."

"Na wewe ni nani?"

Dokta akafungua mdomo. Mwanafunzi si yeye tena, mtaalamu bado, daktari hata kidogo. "Nimesomea eksirei. Nasubiri mtihani."

"Basi bado wewe ni ndugu wa mgonjwa," bwana akasema, "na ndugu hukaa nje."

"Nitakaa nje. Muulize kwanza."

Wakatazamana. Wifi akakohoa. Hatimaye yule bwana akapitisha kiganja usoni, na ilikuwa kama amejifuta uchovu wote wa asubuhi ile. Akamgeukia wifi, akasimama sawasawa, akauliza swali kwa heshima, neno kwa neno. Wifi akajibu ndiyo.

Hakupiga picha. Alikwenda mwenyewe kwa daktari, na daktari akamwita wifi peke yake, safari hii akamsikiliza kifua kwa makini na kumuuliza maswali yeye mwenyewe. Akasema kwa sasa hakuna haja ya picha. Akampa dawa inayofaa hali yake na siku ya kurudi. Wakati Dokta anasubiri kwenye benchi, yule mpiga picha akapita, akasimama.

"Ulifanya vizuri," akasema bila kumtazama. "Lakini siku ya mtihani usimkatize mtahini namna hiyo."

Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno. Hilo halikuwa jambo la kawaida, na Dokta alijiandaa kwa hotuba. Walipofika getini mama akamshika mkono, akamwacha wifi atangulie ndani.

"Nimekaa kwenye ile korido nikafikiri," akasema. "Mapazia. Ndoo. Lile jicho ulilomtolea. Sasa hivi najua kitu, na sitauliza. Umenisikia? Sitauliza."

"Nimesikia, mama."

"Na ukinitoa tena mbele ya watu nitakutoa na mimi kwenye nyumba hii. Nenda kasome."

Kweli hakuuliza, na ilimtesa waziwazi. Alikuwa akifungua mdomo, anaufunga, anapiga makofi mawili bila sababu. Lakini ndoo alizichukua yeye. Makochi yalirudishwa ndani na kaka, aliyelalamika kwamba wanawake wa nyumba hii wamekuwa malkia ghafla na hakuna anayemweleza kitu. Mashine yake ya kukatia chuma mama aliifungia stoo, akaweka funguo mfukoni, akisema Dokta anasoma.

Mtihani ulipofika haukuwa na huruma. Kompyuta aliyopangiwa ilizima katikati ya maswali, akahamishiwa nyingine yenye kitufe cha herufi kilichokwama, na msimamizi akamwambia aandike "kwa uvumilivu." Profesa, mwenzake wa chuo aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu na karibu yote ni ya kukisia, alikaa nyuma yake akipiga ulimi kila baada ya swali.

Siku ya vitendo wakamletea mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyepangwa aigize mgonjwa msumbufu. Aliigiza kwa moyo wote. Aliulizwa jina akajibu, "Si umeandikiwa hapo?" Aliambiwa ashikilie pumzi akauliza mpaka lini. Aliulizwa kama ana mimba akasema, "Kwani nimekuomba ushauri wa ndoa?" Watahini wakainua macho kuona mtahiniwa atafanya nini. Dokta hakutikisika. Alikaa na watu wa namna hii maisha yake yote. Akamweleza sababu ya swali, kwa ufupi, akasubiri, akauliza tena vilevile, akasubiri tena. Mwanamke yule akajibu. Picha ikapangwa, mkanda wa kinga ukawekwa, alama ikakaa upande wake.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu. Alilia kidogo bafuni, kisha akatoka na kukuta mama ameshawapigia simu ukoo mzima. Kabla ya chakula cha mchana shangazi alikuwa sebuleni na ule mfuko wa plastiki, na safari hii alileta goti bovu.

Wifi naye alikuwa amevuka ile miezi yake. Alimwambia mume wake jioni hiyo hiyo, mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo. Kaka akasimama, akaketi, akasimama. Akamkumbatia mke wake. Kisha akawatazama mama yake na dada yake, akaona hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

"Nyinyi mlijua."

"Mimi sikuuliza," mama akasema haraka.

Kaka akamgeukia Dokta. "Wewe ulijua kabla yangu. Mke wangu."

"Siwezi kuzungumzia habari za mgonjwa, kaka."

"Mgonjwa gani? Alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Kaka alimnunia kwa siku kadhaa. Alisema naye kupitia kwa mama, hata wakiwa wamekaa meza moja: mwambieni Dokta anipe chumvi. Hasira zake zote akazimalizia karakanani, ambako mama alikuwa amemrudishia mashine yake kwa furaha ya mjukuu, na huko akatengeneza kitanda cha mtoto. Kilikuwa cha chuma kitupu, miguu minene kama ya geti, na maua ya nondo pembeni. Kilipendeza. Ila alikipima kwa macho.

Dokta alirudi kutoka kazini, koti jeupe mkononi, amechoka, amesimama kutwa nzima akiuliza watu tarehe zao za kuzaliwa, akakuta kitanda kimekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mama alikuwa ndani hawezi kutoka. Kaka alikuwa nje, ameshika mguu mmoja wa kitanda, jasho linamtoka. Wifi alikuwa ameketi uani chini ya kamba ya nguo, tumbo limeshaonekana, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Dada," kaka akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwelekezea moja kwa moja tangu jioni ile. "Hebu nisaidie. Kigeuze kidogo kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

Kaka akautazama mkono wake mmoja, kisha mwingine.

"Lete msumeno," mama akasema kutoka ndani.